Anayewasikiliza wagonjwa, yeye anasikilizwa na nani?

Wakazi wa Homa Bay na Migori hawahitaji kuelezwa maana ya ushauri nasaha. Wameujua kwa jina la VCT, yaani ushauri na upimaji wa hiari wa HIV: chumba kidogo, viti viwili, mlango uliofungwa, na mtu asiyekufokea wala kukusimanga. Vituo hivyo vilianza kuenea nchini mwaka 2001. Mwaka huohuo hospitali ya Homa Bay, ikisaidiwa na shirika la Médecins Sans Frontières, ilianza kutoa dawa za ARV bila malipo, ikiwa miongoni mwa hospitali za kwanza za umma Kenya kufanya hivyo. Hapakuwa na namna nyingine. Hata utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulipofanywa, maambukizi ya HIV miongoni mwa watu wa miaka 15 hadi 64 yalikuwa asilimia 19.6 Homa Bay na asilimia 13 Migori, ilhali wastani wa taifa ulikuwa asilimia 4.9.

Watu wa huku basi walitangulia kujifunza kwamba neno lililosemwa mahali salama linaweza kumrudisha mtu kwenye uhai. Linaloniuma ni kwamba waliowafundisha wenzao hilo, yaani wauguzi, maafisa wa kliniki na washauri wenyewe, mara nyingi hawana chumba chao. Asubuhi muuguzi anampa mama mjamzito majibu asiyoyatarajia. Mchana anamfunika shuka kijana aliyemhudumia wiki nzima. Jioni anapanda boda kurudi nyumbani, ambako watoto wanasubiri chakula na mtihani wa hesabu unataka kusahihishwa. Kesho zamu inaanza tena.

Mwili wa muuguzi huyo unaweka hesabu. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni za adrenalini na kotisoli: moyo huenda mbio, misuli hukaza, sukari hupanda katika damu. Huo ni msaada mkubwa kwa mtu anayekimbia nyoka. Hali hiyo ikidumu miezi na miezi, usingizi hukatika, kumbukumbu hufifia na hasira huwa karibu. Dozi husomwa vibaya. Wenzake husema amekuwa mvivu au amebadilika, na wengine huanza kumkuta kwenye chang'aa. Kumbe ni mtu aliyeishiwa.

Mpango wa ushauri kazini unakusudiwa kumfikia kabla hajafika hapo. Ulizaliwa Marekani miaka ya 1940, viwanda vilipoona kwamba kumtibu fundi mlevi kuna faida kuliko kumfukuza na kufundisha mwingine. Siku hizi umepanuka hadi kwenye msiba, madeni, ndoa, ugomvi na msimamizi na hofu ya ugonjwa. Mfanyakazi hukutana na mshauri mara chache, aghalabu bila kulipa, wanauchambua mzigo wake na kupanga hatua. Ukiwa mzito kuliko uwezo wa mshauri, anaelekezwa kwa daktari wa akili. Anayefanya kazi ya kusikiliza huhitaji jambo moja zaidi: kikao cha mara kwa mara na mshauri mwenye uzoefu, ambamo anatua yale aliyoyabeba kwa niaba ya wengine.

Yote haya hubomoka siri ikivuja. Awendo, Rongo, Mbita na Kendu Bay ni miji ambayo watu wanajuana hadi ukoo. Mfanyakazi akishuku kwamba aliyoyasema yatafika mezani kwa mkubwa wa kazi, au sokoni, hatarudi tena. Sheria iko upande wake: ile ya mwaka 2006 kuhusu Ukimwi inamkataza mwajiri kumlazimisha mtu kupimwa ili apate kazi au abaki nayo, na ile ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata hofu ya kusema "nimewaza kujiua" imepunguzwa makali, kwa kuwa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka katiba. Mwajiri anastahili kujua ni wangapi waliotumia huduma. Majina si yake.

Naye mwajiri anapata nini? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba siku bilioni 12 za kazi hupotea kila mwaka duniani kwa sababu ya mfadhaiko na wasiwasi, hasara inayofikia dola trilioni moja. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulioongozwa na wataalamu wa shirika hilo ulionyesha kwamba kila dola inayowekwa katika kupanua matibabu ya magonjwa hayo hurudisha dola nne, kwa afya bora na uwezo wa kufanya kazi.

Hata hivyo nisiusifu ushauri kupita kiasi. Mwongozo wa shirika hilo wa Septemba 2022 unasisitiza pia mafunzo kwa wasimamizi na kurekebisha kazi yenyewe. Kiwanda cha sukari cha Sony pale Awendo ni mfano ulio karibu. Wafanyakazi wake wamedai malimbikizo ya mishahara kwa muda mrefu, na mwaka 2025 serikali ilikikodisha kwa mwekezaji binafsi. Mtu anayekosa usingizi kwa kukosa karo anahitaji mshahara wake kwanza. Vivyo hivyo, Januari mwaka huo Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wengi wa kliniki za HIV waliolipwa kwa fedha hizo walirudishwa nyumbani. Waliobaki walirithi wagonjwa wao.

Wapo watakaosema kaunti haina fedha za kuajiri wanasaikolojia. Haihitaji kuanza na wengi. Shirika la Afya Duniani lina mbinu ya vikao vitano inayofundishwa watu wasio wataalamu: kutuliza pumzi, kutatua tatizo moja baada ya jingine, kurudia shughuli ulizoziacha, kutafuta wa kukushika mkono. Ilijaribiwa pembezoni mwa Nairobi kwa wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, na wahudumu wa kawaida wa jamii ndio walioitoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: dhiki ya wanawake hao ilipungua kuliko ya wenzao waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Homa Bay na Migori zina washauri wa VCT wenye uzoefu wa miaka, baadhi yao sasa hawana kazi. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai 1. Waheshimiwa wa mabunge ya kaunti zote mbili, andikeni katika bajeti mshahara wa mshauri wa wafanyakazi wa afya, na chumba chenye mlango unaofungwa.