Wakala wa forodha, usione haya kuuliza

Tuseme mteja wako ameagiza saa 200 kutoka China, zile zinazounganishwa na simu. Meli imefika Mombasa. Sasa wewe wakala unazitangaza vipi: ni saa ama vifaa vya mawasiliano?

Usicheke. Jibu ndilo linaloamua ushuru. Kila bidhaa ina nambari yake, na zile tarakimu 6 za kwanza hutumika karibu duniani kote. Saa za kawaida ziko sura ya 91. Saa janja nazo, Shirika la Forodha Duniani liliziweka sura ya 85, pamoja na simu. Ukikisia, umeumia.

Tena utaumia wewe, si mteja peke yake. Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inamhesabu wakala kama mwenye mzigo, kwa hiyo ushuru uliopungua unaweza kudaiwa kwako. Ukitoa maelezo ya uongo kwa kujua, ni faini ya hadi dola 10,000 ama kifungo cha hadi miaka mitatu.

Ndiyo maana wazoefu wa kazi hii huulizana. Mmoja akikwama, anawapigia wenzake ama anatupa swali kwenye kundi la WhatsApp. Kila Julai, bajeti ikishasomwa, viwango vipya huanza kutumika, na atakayesoma gazeti rasmi la Jumuiya mapema huwaamsha wengine.

Lakini chunga. Jibu la rafiki si sheria. Huenda mzigo wake ulikuwa wa plastiki na wako ni wa chuma, na hapo nambari inabadilika. Ukiuliza, eleza bidhaa imetengenezwa kwa nini na inafanya kazi gani. Ukijibiwa, uliza: “Umeitoa wapi?” Kisha ukasome mwenyewe. Na usirushe ankara ya mteja kundini. Bei zake ni siri yake.

Bado una shaka? Andikia KRA uombe uamuzi wa mapema kabla mzigo haujaingia. Ukiwa na karatasi mkononi, hakuna wa kukuyumbisha.

Halafu zihifadhi hizo karatasi. Kontena kutoka bandarini si mwisho wa hadithi. Wakaguzi wa forodha wanaweza kurudi hata miaka kadhaa baadaye. Siku hiyo “niliambiwa na msee” haitakusaidia.