FISHIE ZA MUDA: ZIPI ZA KUFUTA, ZIPI ZA KUACHA



Kwaya ikipigwa filimu kule pembeni ya ziwa, kisha ya siku chache kilio kinakuwaka kimoja: ordinateri imejaa! Hapo mtu anaanza kufuta bila kuchagua. Sisi wa kikundi cha video tunapenda kueleza ni nini kinachojaza ile diski.

Tukiweka maandishi juu ya picha, ao tukibadilisha rangi, mara nyingi mashini haiwezi kuhesabu yote kwa mwendo wa wimbo. Basi programu inatengeneza kile kipande mbele na kukiweka kwenye diski, ili kicheze bila kukwamakwama. Hiyo ndiyo fishie ya muda. Iko sawa na karatasi ya bruyo tunayofanyia hesabu: inatufikisha kwenye jibu, lakini si jibu, wala si swali.

Na bruyo hii iko nzito. Kwa namna inayoitwa ProRes 422, picha za 1920 kwa 1080, 25 kwa sekunde, inakula karibu gigabaiti 55 kwa saa moja. Wimbo wa dakika 5 tu unapita gigabaiti 4. Tena, tukisahihisha herufi moja ya jina la kwaya, kipande kinatengenezwa upya, na mara nyingi cha zamani kinabaki palepale.

Kufuta kufanyike ndani ya programu yenyewe, juu inajua fishie zake. Katika DaVinci Resolve agizo liko kwenye menyu ya Playback, na mtu anaweza kuondoa zile zisizotumika tena peke yake. Katika Premiere Pro ni menyu ya Sequence.

Hatari ni kufungua madosie na kufuta kila kilicho kizito. Picha zilizotoka kwenye kamera nazo ni nzito! Wengi wanafikiri fishie ya projeti imebeba filimu. Hapana, imebeba maagizo tu na njia ya kufikia picha. Picha zikiisha kufutwa, inafunguka na ekrani nyekundu. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na watu. Mwenye filimu ya arusi iliyopigwa kwenye nyumba zile mbele ya usiku ule, atarudi wapi kuipiga tena?

Lakini kufuta bruyo katikati ya kazi nako ni hasara: mashini itahesabu tena kwa masaa, na umeme wa Uvira haungojake mtu. Sisi tunangoja filimu imalizike, kwaya iitazame na kuikubali, ndipo tunafuta. Nafasi ikikosekana mbele ya hapo, tunaelekeza fishie za muda kwenye diski ya nje. Kwenye fulashi ndogo, hapana: iko polepole, na picha itakwamakwama sawa vile hatukufanya kitu.