Kuanguka kwa Kaisari na Uhuru wa Kanisa: Ujerumani, 1918–1919

Habari za Ujerumani za mwaka 1918 mara nyingi husomwa kama habari za vita na siasa tu. Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba ufalme ulipoanguka, Kanisa la Kiinjili la huko nalo lilipoteza mkuu wake, na kwamba namna lilivyoipokea hasara hiyo ni fundisho kwa kila mtumishi anayefafanua Warumi 13.

Hatuna budi kuanzia siku za Matengenezo. Maaskofu wengi walipoyakataa Matengenezo, Luther alimwomba Mteule wa Saksonia asimamie ukaguzi wa sharika, maana hapakuwa na mwingine wa kuufanya. Kwa Luther hiyo ilikuwa huduma ya dharura: mtawala alisaidia kama ndugu Mkristo mwenye uwezo, si kwa haki ya taji lake. Aidha, Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, fungu la 28, linakataza kuchanganya mamlaka ya Kanisa na mamlaka ya dola. Hata hivyo, dharura ikawa desturi, na desturi ikawa sheria. Kwa takribani miaka 400 watawala wa majimbo walihesabiwa kuwa wakuu wa makanisa ya majimbo yao, wakiyaongoza kwa mabaraza waliyoyateua. Hata huko Bavaria, ambako mfalme alikuwa Mkatoliki, sheria ilimweka juu ya Kanisa la Kiprotestanti.

Mpango huo wa karne nyingi ulivunjika kwa siku chache. Watu walikuwa wamechoshwa na vita na njaa, na mapema Novemba 1918 mabaharia wa Kiel waliasi. Tarehe 9 Novemba ilitangazwa mjini Berlin kwamba Kaisari Wilhelm wa Pili amejiuzulu, na yapata saa nane mchana Philipp Scheidemann akatangaza jamhuri kutoka dirisha la jengo la Bunge. Kesho yake Kaisari alikimbilia Uholanzi. Kabla ya mwezi ule kwisha, watawala wote 22 wa kifalme wa Ujerumani walikuwa wameondoka madarakani.

Bunge la kutunga katiba lilichaguliwa tarehe 19 Januari 1919, wanawake nao wakipiga kura kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa taifa. Katiba iliyotiwa sahihi tarehe 11 Agosti ilitamka, katika ibara ya 137, kwamba hakuna Kanisa la dola, na kwamba kila jumuiya ya dini itaendesha mambo yake yenyewe. Wala Kanisa halikunyang'anywa kila kitu: lilibakiziwa hadhi yake kisheria na haki ya kutoza kodi kwa washarika wake. Hivyo uhuru ambao Ungamo la Augsburg lilidai tangu 1530 ulikuja kwa mkono wa jamhuri.

Je, Kanisa lilifurahi? La. Viongozi wake waliokutana Dresden mnamo Septemba 1919 waliomboleza hadharani kuanguka kwa ufalme. Jina la Kaisari lilikuwa limezoeleka katika sala ya kanisa. Sasa mchungaji amwombee nani? Wachungaji wengi waliiona jamhuri kuwa mtoto wa uasi, isiyostahili heshima ya Warumi 13. Lakini mwaka 1933, Hitler alipotwaa madaraka, wengi wa watu hao hao waliharakisha kumpa heshima waliyoinyima serikali iliyochaguliwa na wananchi.

Hapa ndipo penye kosa la ufafanuzi. Paulo hakuandika juu ya mfalme wala ukoo wake. Aliandika juu ya mamlaka iliyopo, naye aliipima kwa kazi yake ya kutetea mema na kuzuia maovu. Mwenye kulisoma neno hilo kwa kuangalia sura ya mtawala ampendaye hulifanya Neno la Mungu kuwa mtumishi wa mapenzi yake. Azimio la Barmen la Mei 1934 lilirudi kwenye msingi huo: dola ina kazi yake ya haki na amani, wala haiwezi kujifanya utaratibu wa maisha yote ya mwanadamu.

Jambo hili si geni kwetu. Wamisionari wa Berlin, Leipzig na Bethel waliohubiri Injili Tanganyika walitoka katika mazingira ya makanisa yale ya majimbo, nasi tuliirithi imani yao pamoja na baadhi ya mazoea yao. Kwa hiyo tunapowaandaa watumishi, tuwafundishe kuomba kwa ajili ya wenye mamlaka wote, kama ilivyoagizwa katika 1 Timotheo 2, wawe wanatupendeza au hawatupendezi. Na tuwafundishe Matendo 5:29 pamoja na Warumi 13, katika somo lile lile. Mchungaji aliyejifunza moja tu kati ya hayo mawili hayuko tayari kwa siku ambayo serikali itabadilika.