Siku ya Tatu Humkuta Mtoto Nyumbani

Mama aliyejifungua salama alfajiri huanza kuulizia ruhusa kabla jua halijatua. Kitandani wamelala wawili, nyumbani ameacha watoto wengine, na mwili anausikia una nguvu. Simlaumu hata kidogo. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 hata kama uzazi ulikuwa wa kawaida, kwani karibu robo tatu ya vifo vya watoto wachanga hutokea katika wiki ya kwanza. Saa hizo humpa mkunga nafasi ya kuona mtoto anavyopumua, kama kitovu kinavuja damu, na zaidi ya yote, kama ananyonya kweli au ameshika titi tu.

Lakini lipo tatizo ambalo saa 24 hazitoshi kulionyesha: umanjano. Chembe nyekundu za damu za mtoto zinapovunjika hutoa bilirubini, kemikali ya njano, na ini lake changa bado halimudu kuiondoa yote. Hujikusanya taratibu na kufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano. Kwa watoto wengi hupungua yenyewe. Ikizidi sana huingia kwenye ubongo, na mtoto anaweza kubaki kiziwi au na mtindio wa ubongo.

Nchini Marekani, kampuni za bima zilipobana gharama miaka ya 1990, akina mama wengi waliruhusiwa ndani ya siku moja. Malalamiko yalizaa sheria ya 1996 inayozitaka bima zinazogharimia uzazi zisikatae kulipia saa 48 kwa uzazi wa kawaida na saa 96 kwa upasuaji. Ilikuwa haki kabisa. Ila piga hesabu: hata aliyekaa saa 48 anaondoka kabla ya kilele. Ndiyo maana naona swali kubwa si amelala wodini siku ngapi, bali nani atamtazama siku ya tatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto aonwe tena kati ya saa 48 na 72 baada ya kuzaliwa. Hudhurio hilo lisirukwe.

Na nyumbani, fungueni pazia. Chumba cha mzazi mara nyingi huwa na giza, na umanjano hauonekani gizani. Msogeze mtoto dirishani mchana, mbonyeze kidogo puani kwa kidole, uachie, uangalie rangi inayobaki. Kwa ngozi nyeusi tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Kumwotesha jua si tiba ya kutegemea. Hospitali hutumia taa maalumu za buluu zinazoibadili bilirubini ili mwili uitoe.

Umanjano ukitokea siku ile ile ya kuzaliwa, viganja na nyayo zikiwa za njano, au mtoto akilala tu bila kutaka kunyonya, msingoje kukuche. Mpelekeni usiku huo huo.