Kwa Nini Mbwa wa Nyumbani Huwa Mkali (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kumchagua mtoto wa mbwa na kumlisha. Leo tunalikabili swali gumu zaidi: inakuwaje mbwa aliyelelewa nyumbani, anayekula ugali wa nyumba hiyo, siku moja amuume mtoto wa nyumba hiyo hiyo?

Makuyuni, mkoani Tanga, kuanzia upande wa Korogwe hadi wa Handeni, mbwa ana kazi. Analinda mahindi yasiliwe na ngedere na nguruwe pori, anafuatana na wafugaji malishoni, anaamka usiku mtu akisogelea banda la kuku. Kazi zote hizo zinahitaji mbwa anayebweka. Hakuna hata moja inayohitaji mbwa anayeuma ovyo. Lakini wengi wetu tunaamini kwamba mlinzi mzuri ni yule anayechukia kila mtu, na tunamlea hivyo. Wapo wanaomlisha pilipili, wapo wanaomkata masikio. Pilipili humuumiza tumbo, kisu humfundisha kwamba mkono wa binadamu unaleta maumivu. Baada ya hapo tunashangaa anapoukwepa mkono huo, au anapoudaka kwa meno.

Chukua mbwa aliyefungwa kwenye shina la mwarobaini kwa mnyororo usiozidi hatua mbili. Ardhi inayomzunguka imekwanguka, haina hata jani. Sufuria ya maji imepinduka. Shingoni manyoya yamenyonyoka na nzi wametua kwenye kidonda. Watoto wanapita kwenda shule, mmoja anarusha jiwe. Mbwa anaruka, mnyororo unamrudisha kwa kishindo, watoto wanacheka na kuondoka. Kesho yake ni vivyo hivyo.

Hapo mambo mawili yanatendeka kwa wakati mmoja. Kwanza, mnyama anayeogopa hutafuta kukimbia kabla ya kupigana, na mnyororo umemnyima nafasi ya kukimbia. Pili, kila anapobweka na kuruka, watoto huondoka. Yeye hajui kwamba walikuwa wanawahi shule. Anachojua ni kwamba ukali wake umewafukuza. Kwa miezi kadhaa somo hilo linarudiwa kila asubuhi na kila jioni. Siku mnyororo ukikatika, atakayeumwa huenda asiwe mrusha mawe bali mtoto yeyote mwenye sare ya shule.

Hofu, basi, ndiyo chanzo kikubwa, na mizizi yake huanza mapema mno. Watafiti wa Marekani, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza watoto wa mbwa kwa miaka mingi na mwaka 1965 wakachapisha matokeo yao: kuna kipindi kifupi, kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, ambapo mtoto wa mbwa hujifunza nani na nini si hatari. Akikikosa kipindi hicho, akakaa gizani nyuma ya nyumba bila kuona watu wageni, watoto, baiskeli wala pikipiki, vitu hivyo vitamtisha maisha yake yote. Na sisi mara nyingi tunamtoa kwa mama yake akiwa na wiki nne au tano, kabla hata hajajifunza kutoka kwa ndugu zake kwamba kuuma kwa nguvu kunaumiza.

Najua wapo watakaosema kwamba katika nyumba za Waislamu, ambazo ni nyingi mkoani Tanga, mbwa hashikwishikwi kwa sababu mate yake ni najisi. Hilo halizuii malezi. Mbwa hahitaji kukumbatiwa ili azoee watu. Anahitaji kuwaona, kuwasikia, kulishwa kwa utulivu na kuitwa kwa sauti isiyotisha. Tena dini hiyo imeruhusu mbwa wa kuwinda na wa kulinda, na Hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu inajulikana na kila aliyepita madrasa.

Sababu nyingine ni nyepesi kueleza. Mbwa mwenye maumivu ya sikio, jino au mguu huuma anapoguswa. Mama mwenye watoto huwalinda. Anayelala njaa hulinda mfupa. Aina ya mbwa ina uzito mdogo kuliko tunavyodhani: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2022, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kwamba aina inaeleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kwa hiyo kumnunua mbwa wa kizungu kwa bei kubwa si dhamana ya ukali wala ya upole.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zangu zote: msimpige mbwa kwa sababu amenguruma. Kabla ya kuuma, mbwa hugeuza uso, hulamba midomo, hukaza mwili, huficha mkia, kisha hunguruma. Huko ni kuonya. Ukimpiga kila anapoonya, hofu inabaki palepale ila onyo linakufa, na umejitengenezea mbwa anayeuma kimya kimya. Mfungueni usiku ndani ya ua, mjengeeni banda lenye kivuli, wakatazeni watoto mawe.

Sasa, ikiwa mbwa mpole amebadilika ghafla, anauma hata vijiti, mate yanamtoka, sauti imekauka, anatangatanga, hapo hatuzungumzii malezi tena. Huenda ni kichaa cha mbwa, ugonjwa unaokadiriwa kuua Watanzania 1,500 hivi kila mwaka. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini unazuilika. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilizoanza mwaka 2010 zilifanikiwa kiasi kwamba kufikia mwaka 2018 vifo vya watu vilikuwa vimekoma. Kinachotakiwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, tena kwa kurudia, na siku ya chanjo ikitangazwa kijijini kila mwenye mbwa ampeleke, awe wa kufungwa au wa kuzurura.

Aliyeumwa asipake majivu wala mafuta ya taa. Aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kupata chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu na hata kama mbwa ni wa nyumbani. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungiwa salama, asiuawe haraka. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa.

Wiki ijayo: namna ya kumrekebisha mbwa ambaye tayari amezoea kuuma.