Ghorofa Lenye X na Hakimu wa City Hall

Mchuuzi akikamatwa na kanjo, yaani askari wa kaunti, jijini Nairobi, kesi yake haichukui muda. Anafikishwa mahakama ya City Hall, anasomewa shtaka, anakiri, anatoa faini au anaingia ndani. Lakini aliyejenga ghorofa ukingoni mwa mto bila idhini ana nafasi ya kupumua, tena ndefu.

Mtaa wa Huruma, Nairobi, ulituonyesha nafasi hiyo inagharimu nini. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la orofa sita liliporomoka na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya X ya kubomolewa. Wapangaji walibaki humo kwa kodi ya takriban shilingi 3,500 kwa mwezi. Hata leo si ajabu kuona X nyekundu ukutani na juu yake, roshanini, nguo za watoto zimeanikwa. Rangi haimtoi mtu nyumbani, wala haimzuii landilodi kupokea kodi mwisho wa mwezi.

Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inamtishia anayejenga bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Tufanye hesabu. Vyumba 100 kwa shilingi 3,500 ni shilingi 350,000 kwa mwezi. Faini kubwa kabisa inalipwa kwa kodi ya mwezi mmoja na nusu, na baada ya hapo ni faida tupu. Nani ataogopa?

Notisi ambayo kaunti humpa anayekiuka sheria hiyo nayo ina safari yake. Mwenye jengo asiporidhika ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango, na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Haki ya kusikizwa siipingi. Ninachopinga ni kwamba wakati faili linasafiri, wapangaji wanalala ndani.

Hakimu wa City Hall apewe meno. Aweze kuamuru kodi iwekwe mahakamani hadi jengo likaguliwe, atoze faini kwa kila siku ya ukaidi, na aagize ukarabati au uhamisho kwa gharama ya mwenye nyumba. Hili si jambo la kutisha: tangu 2015 hakimu mkuu anaaminiwa kusikiliza kesi za ardhi za thamani ya hadi shilingi milioni 20. New York imekuwa na mahakama ya nyumba tangu 1973, na mpangaji mwenyewe anaweza kumshtaki mwenye nyumba ili alazimishwe kukarabati.

Wapo watakaosema tunampa kanjo rungu jingine, na mtu aliyewahi kuombwa kitu kidogo langoni kwa mjengo wake hawezi kulaumiwa kwa kuhofu. Ndiyo maana hakimu huyo lazima abaki wa Idara ya Mahakama, asiajiriwe wala kulipwa na gavana. Kaunti ilete ushahidi tu.

Bunge la kaunti haliwezi kuipa mahakama mamlaka hayo. Kazi hiyo ni ya Bunge la Taifa. Waheshimiwa, anzeni na ile faini ya shilingi 500,000.