Makufuli Matatu ya Majengo, Mfuko Mmoja wa Mobutu

Vikundi vya akiba na mikopo hapa Majengo, Goma, vile tunavyoviita AVEC, huweka pesa katika kisanduku cha chuma chenye makufuli matatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu, na kisanduku kinalala kwa mwingine wa nne. Siku ya mkutano wote wanne hufika, kisanduku hufunguliwa mbele ya kikundi kizima, pesa huhesabiwa kwa sauti, hesabu huandikwa, kisha kinafungwa tena. Mama akilalamika kwamba utaratibu huu unachosha, namkubalia. Halafu namkumbusha Benki ya Zaire, benki kuu ya nchi yetu ilipoitwa Zaire. Nyuma yake kulikuwa na shaba, almasi na dhahabu ya nchi nzima, lakini ilikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo ulikuwa mfukoni mwa Mobutu.

Rais Mobutu alishika nchi tarehe 24 Novemba 1965, akaiachia Mei 1997. Vijana wa Goma wamelisikia jina lake likitajwa pamoja na neno mwizi, na sina la kumtetea. Lakini kwa sisi watu wa hesabu kuna swali linalouma zaidi. Ilikuwaje mtu aliyeweza kuchota atakavyo afike mahali pa kushindwa kulipa hata askari wake? Askari hao waliipora Kinshasa Septemba 1991, wakaipora tena Januari 1993. Jibu lake linamhusu pia anayeuza maharagi soko la Virunga.

Mwanzoni pesa ilikuwepo. Mwaka 1967, sarafu ya zaire ilipotoka, zaire moja ilikuwa na thamani ya dola 2. Mwanzoni mwa 1974 bei ya shaba duniani ilipanda sana, na serikali ikaishi kana kwamba bei ile haitashuka. Ikakopa kwa ajili ya laini ya umeme ya Inga-Shaba, karibu kilomita 1,700. Ikaahidi dola milioni 10 ili Muhammad Ali na George Foreman wapigane Kinshasa. Walipopanda ulingoni tarehe 30 Oktoba 1974, bei ya shaba ilikuwa tayari imeporomoka. Mwaka uliofuata nchi ikashindwa kulipa madeni yake, na 1976 ikajikuta mbele ya wakopeshaji wa Klabu ya Paris ikiomba muda. Nawe ukitaka kujua unaweza kubeba mkopo wa kiasi gani, fungua daftari utafute mwezi ambao biashara ilikuwa mbaya kuliko yote. Desemba, watu wanaponunua vitenge vya sikukuu, itakudanganya.

Kosa ninalokutana nalo zaidi Majengo ni lile lililotangazwa tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Mobutu aliamuru maduka, mashamba na biashara za wageni, Wagiriki, Wareno, Wahindi na wengineo, zipewe raia wa Zaire. Waliopewa walikuwa hasa wakubwa wa chama na jamaa zao, na yeye mwenyewe alijitwalia mashamba yaliyowekwa chini ya kampuni ya CELZA. Fikiria basi mtu anakabidhiwa duka lililojaa bidhaa mpaka darini. Anauza sabuni, chumvi, majembe. Jioni droo imejaa noti, na yeye anaona ametajirika. Pesa ile inakwenda kwenye gari, kwenye karamu, kwenye nyumba ya pili. Rafu zikiisha hana cha kujazia, na muuzaji wa jumla hamkopeshi kwa sababu hamjui. Ndivyo maduka mengi yalivyokwisha, Kivu hadi Kinshasa. Serikali ilipoanza kuwarudishia wenyewe mali zao mwaka 1976, wengi hawakurudi tena.

Waliokula maduka yale walikosea hesabu ambayo mama wa sokoni naye huikosea, ingawa yeye hakupewa chochote bure. Tuseme ananunua gunia la maharagi kwa dola 80, anauza kwa vipimo hadi linampa dola 92. Katika zile 92, dola 80 ni za gunia lijalo. Zinazobaki ni 12, nazo bado hazijamlipa aliyebeba gunia wala kodi ya meza. Gharama zikitoka, zimebaki 7. Hizo ndizo anazoweza kula. Mtoto akirudishwa kutoka shuleni kwa sababu ya minervali, yaani ada ya shule, na mama akatoa 15 kwenye droo, amekula dola 8 za gunia. Wiki ijayo ananunua pungufu, anapata faida pungufu, na mahitaji ya nyumbani ni yaleyale. Baada ya miezi miwili anagonga kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita Banque Lambert, na riba inamaliza kilichobaki. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani kwake, na hakufanya anasa yoyote. Mtaji na pesa ya chakula vililala katika droo moja, basi. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na nimeona akina mama hodari sana wakipoteza biashara ya miaka kwa njia hii.

Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimtuma Erwin Blumenthal, mtaalamu wa benki kutoka Ujerumani, asimamie mambo katika Benki ya Zaire. Yeye alijaribu kufunga kufuli la pili: alizuia fedha za kigeni zisitolewe ovyo kwa kampuni za wakubwa. Askari walifika kumtishia kwa bunduki wakidai pesa. Mwaka uliofuata aliondoka. Baadaye, mwaka 1982, aliandika bila kuficha kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa pesa zao na utawala ule.

Kufuli la pili nyumbani ni mshahara. Mwenye biashara ajipangie kiasi cha wiki, akichukue siku ileile moja, akiandike, na mtu mwingine ajue: mume, mke, dada, mtoto mkubwa anayesoma. Ugonjwa na msiba haviulizi siku, najua. Ndiyo maana vikundi vina mfuko wa jamii uliotengwa na mfuko wa mikopo, na nawaomba watu wasiache kuuchangia hata wiki ngumu. Mfuko huo ndio unaozuia gunia la maharagi lisiuzwe kwa ajili ya dawa.

Mwenye ufunguo mmoja akiishiwa, huchapisha noti. Desemba 1992 ilitoka noti ya zaire 5,000,000. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alisema si halali, wafanyabiashara wakakataa kuipokea, na askari waliolipwa kwa noti hizo Januari 1993 walipokuta hazinunui kitu waliingia mitaani. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi katika ghasia hizo. Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Juni 1998 ikaja faranga ya Kongo, moja kwa zaire mpya 100,000. Piga hesabu mwenyewe: faranga moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani bilioni 300. Waliokuwa wameficha zaire chini ya godoro walibaki na karatasi, na wako Goma hadi leo wazee wanaokumbuka.

Kwa hiyo simlaumu anayeweka akiba kwa dola. Namwomba tu aiweke vizuri, noti zikiwa zimenyooka ndani ya plastiki, maana dola iliyochanika hata pembeni kidogo itakataliwa sokoni. Na asiiweke yote mahali pamoja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, ikazika nyumba pamoja na vilivyokuwamo. Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji, mabenki yalifunga, na wenye akaunti wakakaa bila kuifikia pesa yao. Sehemu ikae kwenye bidhaa isiyooza haraka, sehemu kwenye kikundi, sehemu kwenye simu, kidogo mkononi. Kila mahali pana hatari yake, ila ni nadra zote kuja siku moja.

Mji wa Gbadolite nitautaja kwa kifupi. Mobutu alijenga huko majumba na uwanja wa ndege ulioweza kupokea Concorde. Vyote vilihitaji kulishwa pesa kila mwezi, na havikuzaa chochote. Alifariki Rabat, Morocco, tarehe 7 Septemba 1997. Watu walikuwa wakitaja mabilioni, lakini akaunti zilizozuiwa Uswisi zilikuwa na faranga za Uswisi milioni 7.7 hivi, na mwaka 2009 zikaachiliwa ziende kwa familia yake. Deni ndilo lililobaki kwetu: mwaka 2010 wakopeshaji walikubali kuifutia Kongo zaidi ya dola bilioni 12, na sehemu kubwa yake ilikuwa imeanza wakati wake. Mtoto aliyezaliwa Majengo mwaka aliokufa Mobutu alikuwa wakati huo na miaka 13.

Hili la deni kuwaangukia wengine ndilo linalonifanya niwasisitizie akina mama jambo moja la sheria. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kuingia katika mapatano ya kisheria, na wengi sokoni wanaamini bado ni hivyo. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Mke anaweza kufungua akaunti kwa jina lake bila ruhusa hiyo. Kwa hiyo anayekuambia uje kwanza na barua ya mume, muulize anafuata sheria ya mwaka gani. Na kabla hujatia sahihi kama mdhamini kwenye mkopo wa mtu mwingine, hata wa mume, omba usomewe karatasi yote kwa Kiswahili, kiasi, riba na tarehe, kisha uende nayo kwenye kikundi chako wakaione.